Shahidi Aliyebaki Nje ya Mahakama

Mara ya kwanza nilipoketi mahakamani kufuatilia kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ile ya kuamua kama maelezo ya mshtakiwa yapokelewe au yakataliwe, asubuhi nzima iliishia kwenye swali moja: mshtakiwa alikamatwa saa ngapi? Nilikuwa mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu, nimepelekwa kwenye mafunzo ya vitendo katika kikao cha Mahakama Kuu mkoani, na kwa kuwa shtaka lilikuwa la mauaji nilikwenda na daftari jipya nikitarajia kuandika habari za panga na damu. Badala yake nilimwona wakili wa utetezi akimwongoza askari mpelelezi ndani ya kitabu cha mahabusu, mstari kwa mstari, akimtaka asome kwa sauti saa ambayo mtuhumiwa aliingizwa ndani, kisha asome saa iliyoandikwa juu ya maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, kisha amweleze Mheshimiwa Jaji tofauti ya saa hizo mbili. Askari alitoa leso akajifuta paji la uso, akahesabu kwa midomo bila kutoa sauti, na mwishowe akasema ni saa sita na dakika ishirini. Wakili akaketi. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu anapokuwa mikononi mwao, na wakihitaji zaidi sharti waombe nyongeza. Nyongeza haikuwa imeombwa.

Jioni nilimsimulia mjomba wangu, ambaye nilifikia kwake. Alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua uso. "Yaani mjomba," aliniambia, "mtu kachinja mwenzake, nyinyi mnakaa kutwa kuhesabu dakika?" Nilimjibu kwa maneno niliyoyakariri darasani kuhusu haki za binadamu na utawala wa sheria, naye alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyokula mboga isiyo na chumvi nyumbani kwa wenyeji wake. Nilijua kuwa sikumjibu.

Kilichokuja kunipa jibu ni mashauri mawili yaliyowahusu Wazanzibari wawili, wote wakishtakiwa kwa jambo lilelile, milipuko ya balozi za Marekani ya mwaka 1998, wote mbele ya mahakama ileile ya shirikisho iliyoko Manhattan, New York, lakini kila mmoja akifikishwa pale kwa njia yake. Wanazuoni wa sheria ya jinai na ya kupambana na ugaidi wameyaandikia mashauri hayo kurasa nyingi sana, na ninapoyasoma huwa ninaona ajabu kwamba sisi ambao maiti zilikuwa zetu, na washtakiwa pia walikuwa wetu, tumeyaandikia machache mno.

Agosti 7, 1998 ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya sikukuu ya Nane Nane. Nilikuwa mtoto mdogo, nipo Kinondoni kwa mama mkubwa, na ninachokumbuka ni vyombo kugongana kabatini, na mama mkubwa kutoka nje akidhani lori limegonga ukuta wa jirani. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Lori aina ya Nissan lililojazwa baruti na mitungi ya gesi lilikuwa limelipuliwa kwenye lango la ubalozi wa Marekani, barabara ya Laibon, Oysterbay. Gari la kubebea maji lililokuwa kati ya lori lile na jengo lilizuia sehemu ya mlipuko, na hiyo ni sababu mojawapo ya waliokufa Dar es Salaam kuwa 11, ilhali Nairobi, ambako bomu la pili lililipuka karibu wakati huohuo na jengo la Ufundi likaporomoka, walikufa 213. Jumla yao ni 224. Hapa kwetu hakufa Mmarekani hata mmoja.

Khalfan Khamis Mohamed alikuwa amepanga nyumba Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam liliandaliwa, na yeye mwenyewe alisaidia kusaga baruti. Baada ya mlipuko alikwenda Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina la uongo na akapata kazi katika mgahawa wa kuuza baga. Mwaka 1999 afisa wa upelelezi wa Marekani, aliyekuwa akipitia kumbukumbu za waomba hifadhi nchini Afrika Kusini, aliitambua picha yake. Mwezi Oktoba mwaka huo maafisa wa uhamiaji wa Afrika Kusini walimkamata, wakamkabidhi kwa Wamarekani, na katika muda wa takriban siku mbili alikuwa tayari New York, akikabiliwa na mashtaka ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kifo.

Hapo ndipo penye utamu wa sheria. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuifuta adhabu ya kifo kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 1995, na serikali yake ilikuwa na desturi ya kutomtoa mtu kwenda nchi inayonyonga bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Katika shauri hili ahadi haikuombwa. Utetezi wa serikali ulikuwa kwamba huyu hakukabidhiwa kwa utaratibu wa kurejesha wahalifu, alifukuzwa nchini tu kama mhamiaji haramu, na mhamiaji haramu haombewi ahadi. Mei 28, 2001 Mahakama ya Katiba iliitupa hoja hiyo bila huruma. Ilisema kwamba mtu anayepelekwa kwenye hatari ya kunyongwa yumo katika hatari ileile, uite safari yake kufukuzwa au kukabidhiwa. Ilisema pia kwamba hata huko kufukuzwa kwenyewe hakukuwa halali, kwa sababu kanuni za uhamiaji hazikuruhusu mtu wa Tanzania apelekwe Marekani, na kwamba ridhaa yoyote anayodaiwa kuitoa haikuwa na uzito kwa kuwa hakuwa amefahamishwa haki zake zote.

Nilipoisoma hukumu hiyo mara ya kwanza nilijiuliza: sasa itasaidia nini? Mtu yuko New York, kesi iko mwisho, na Afrika Kusini haina mkono wa kumfikia. Kumbe majaji walijiuliza hilo kabla yangu. Katika amri zao za mwisho walimwagiza mkurugenzi wa mahakama yao aipeleke hukumu nzima, kwa haraka, kwa uongozi wa mahakama ya shirikisho ya kusini mwa New York. Siku iliyofuata, Mei 29, jopo la raia 12 lilimtia hatiani. Mwezi Julai jopo hilohilo lilikaa tena kuamua kama auawe au afungwe maisha, na miongoni mwa mambo ya kumpunguzia adhabu ambayo utetezi uliyaweka mezani lilikuwemo hili, kwamba mahakama ya juu kabisa ya nchi alikokamatiwa imesema hakupaswa kutolewa bila ahadi. Wajumbe hawakuafikiana juu ya kifo, na kwa sheria ya kule kutoafikiana maana yake ni kifungo cha maisha, ambacho alihukumiwa rasmi Oktoba 18, 2001.

Sisemi kwamba karatasi kutoka Johannesburg ndiyo iliyomwokoa. Hakuna awezaye kuingia vichwani mwa watu 12. Ninachokiona mimi ni kwamba kosa lililofanyika uwanja wa ndege wa Cape Town lilitajwa hadharani, likaandikwa, likavuka bahari, likasomwa na watu waliokuwa wakiamua uhai wa mtu, na hata hivyo mtu huyo hakuachiwa. Waliomkamata walipata walichokitaka kwa sehemu kubwa, na walilipia pale walipopita njia ya mkato.

Ahmed Khalfan Ghailani naye alidaiwa kushiriki katika ununuzi wa lori na mitungi ya gesi, na usiku wa kuamkia milipuko alipanda ndege Nairobi kwenda Karachi. Alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004, lakini hakupelekwa New York. Alifichwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, mahali ambapo hapakuwa na kitabu cha mahabusu cha kumsomesha askari kwa sauti, akahojiwa kwa mbinu ambazo serikali yenyewe ilizibunia majina ya staha. Septemba 2006 alihamishiwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani lililoko Cuba, na Juni 2009 ndipo aliposimamishwa mahakamani huko Manhattan, ambako kesi yake ilisikilizwa na Jaji Lewis Kaplan, akiwa mfungwa wa kwanza wa Guantanamo kufikishwa katika mahakama ya kiraia.

Mawakili wake walijaribu milango yote. Waliomba kesi ifutwe kwa sababu mteja wao aliteswa. Jaji Kaplan alikataa, akisema kwamba hata kama aliteswa, mateso hayo hayafuti mashtaka ikiwa upande wa mashtaka hautumii kilichotokana nayo. Waliomba ifutwe kwa sababu alicheleweshwa karibu miaka mitano bila kufikishwa mahakamani, ilhali Katiba ya Marekani inampa mshtakiwa haki ya kesi ya haraka; hilo nalo alilikataa Julai 2010. Ukiishia hapo utasema jaji huyu ni wa serikali.

Kisha kikafika kisa cha shahidi. Serikali ilikuwa na Mtanzania mmoja ambaye angeapa kwamba yeye ndiye aliyemuuzia Ghailani baruti. Waendesha mashtaka walimwita shahidi mkubwa kuliko wote, na ukitafakari utaona kwa nini: mtu anayesema "mimi nilimuuzia huyu, kwa mikono yangu" hafanani na risiti wala alama ya kidole. Tatizo lilikuwa moja. Serikali isingelijua jina la mtu huyo kama Ghailani asingelitaja mwenyewe akiwa katika gereza la siri, na ilikubali kwamba kwa ajili ya pingamizi hilo maneno yake yote ya wakati ule yachukuliwe kuwa yalitolewa kwa kulazimishwa. Oktoba 6, 2010, siku ambayo kesi ilikuwa ianze, Jaji Kaplan aliamua kwamba shahidi huyo hatasikilizwa. Aliandika kwamba Katiba ni mwamba ambao taifa lao limesimama juu yake, na kwamba inafuatwa pia pale hofu na hatari zinapowavuta watu kwenda upande mwingine. Serikali haikukata rufaa.

Wanazuoni wana neno la Kilatini kwa swali la kwanza, lile la mtu aliyeletwa mahakamani kwa njia mbovu, na tafsiri yake ya karibu ni kwamba aliyekamatwa vibaya amezuiliwa vizuri. Marekani imeishikilia kanuni hiyo tangu mwaka 1886. Afrika Kusini iliikana mwaka 1991, kwa mtu aliyetekwa Swaziland na maafisa wa serikali ya ubaguzi, na Uingereza ikaikana mwaka 1993. Lakini shauri la Ghailani linaonyesha kwamba hata pale kanuni hiyo inaposhikiliwa ina mpaka, na kwa lugha yangu mwenyewe mpaka huo ni huu: mwili waweza kuletwa kwa njia mbovu, maneno hayawezi. Mwili ni uleule, uwe umeburutwa au umekuja kwa miguu yake. Maneno hubadilika kwa namna yanavyotolewa, na anayeyapokea hana njia ya kujua yamebadilika kiasi gani. Hilo ndilo ambalo ningemwambia mjomba siku ile, kama ningelijua. Zile saa sita na dakika ishirini hazikuwa na kazi ya kumpendelea muuaji. Zilikuwa kipimo pekee alichonacho Jaji, ambaye hakuwepo kituoni, cha kujua kama karatasi iliyo mbele yake ina maneno ya mshtakiwa au ya askari.

Novemba 17, 2010 jopo lilitoa uamuzi wake. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo 224 ya mauaji, moja kwa kila marehemu, Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Wanasiasa wa kule walipiga kelele kwamba mahakama za kawaida zimeshindwa, na mwanzoni mwa Januari 2011 ilitiwa saini sheria iliyozuia fedha za kuwahamishia wafungwa wa Guantanamo katika ardhi ya Marekani, hata kwa ajili ya kushtakiwa. Januari 25, kwa lile shtaka moja, Jaji Kaplan alimhukumu kifungo cha maisha, adhabu ileile aliyoipata mwenzake wa Ilala, akisema kwamba lolote alilotendewa na majasusi ni dogo likilinganishwa na maumivu ya walioathirika na milipuko. Mahakama ya Rufaa iliithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2013.

Huwa ninawauliza wanafunzi wenzangu wa zamani, tukikutana kwenye chai, nani alishindwa pale. Wengi hujibu haraka kwamba ni waendesha mashtaka. Mimi ninaona kwamba walioshindwa walikuwa hawamo chumbani. Wale waliomhoji mwaka 2004 walitaka habari, si ushahidi, na hawakufikiri kwamba siku moja kuna mtu atahitaji kuzitumia mbele ya jopo. Kent Roach wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye kwa maoni yangu ndiye msomi anayelijua eneo hili kuliko wengi, ameandika kwa miaka mingi juu ya pengo hilo kati ya taarifa za kijasusi na ushahidi wa mahakamani, na jinsi nchi baada ya nchi zinavyolitumbukia. Jasusi hutunza siri, mwendesha mashtaka hulazimika kufichua. Jasusi hutosheka na uwezekano, jaji hataki shaka.

Kuna mkondo mwingine wa wasomi unaokwenda mbali zaidi. Herbert Packer wa Marekani, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba mfumo wa jinai huvutwa na tamaa mbili: moja inataka uhalifu udhibitiwe upesi, kama mkanda wa kiwandani unaosukuma mbele washtakiwa, nyingine inataka kila hatua iwe na kizuizi cha kupunguza makosa. Huo ni mvutano ndani ya nyumba moja. Mjerumani Günther Jakobs alikuja kusema, tangu mwaka 1985 na kwa sauti kubwa zaidi baada ya 2001, kwamba kuna sheria ya jinai ya raia na kuna sheria ya jinai ya adui, na huyo wa pili hashughulikiwi kama mtu aliyekosa bali kama hatari inayozuiwa. Wengi wamemshambulia Jakobs, nami simpendi, lakini nakiri kwamba anazieleza sheria nyingi za ugaidi kwa uaminifu kuliko wanasiasa wanaozitunga. Sheria inayomweka mtu ndani bila dhamana kwa miaka huku upelelezi ukiendelea haimwadhibu kwa alichotenda. Inamzuia.

Sheria hizo zilitufikia kwa kasi. Septemba 28, 2001, siku 17 baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373, likazitaka nchi zote wanachama zifanye ugaidi na ufadhili wake kuwa makosa ya jinai. Tanzania na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2002. Kenya ilileta muswada mwaka 2003, Waislamu wa pwani na wanasheria wakaupinga kwa nguvu, ukafa, na sheria haikupatikana hadi mwaka 2012.

Wakenya wamelipa gharama kubwa kwa ugaidi kuliko sisi, na ninasema hivi bila kuwafundisha. Baada ya mauaji ya Mandera ya Novemba na Desemba 2014, Bunge lao lilipitisha katikati ya vurumai sheria ya marekebisho ya usalama, ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini Desemba 19. Februari 23, 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu waliifuta katika vifungu vinane. Kilichofutwa ni pamoja na vifungu vilivyobana vyombo vya habari, vilivyogusa haki ya mshtakiwa ya kunyamaza, na kile kilichotaka idadi ya wakimbizi na waomba hifadhi nchini isizidi 150,000. Vifungu vingine viliachwa. Unaweza kutokubaliana na majaji hao, na mimi kuna mahali sikubaliani nao, lakini hoja zao zote zimeandikwa, na mwanafunzi wa Garissa au wa Mwanza anaweza kuzifungua usiku huu akabishana nazo.

Jambo la kuvushana mipaka nalo lilirudi kwetu. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11, 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, baadhi ya Wakenya walivushwa kwenda Uganda bila kupitishwa mbele ya hakimu kama sheria ya kurejesha wahalifu inavyotaka. Mahakama Kuu ya Nairobi ililaumu, lakini watu walikuwa wamekwisha kuvuka. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipoulizwa, ilisema kwamba ubovu wa safari hauzuii kesi. Kesi ikaendelea hadi Mei 2016, wengine wakatiwa hatiani na watano wakaachiwa. Ni kanuni ileile ya mwaka 1886, ikiwa imevaa kanzu ya Afrika Mashariki.

Ninaporudi nyumbani ndipo kalamu inapokuwa nzito. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inasema wazi: "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Katiba ya Kenya ya 2010 inakwenda hatua moja mbele, kwa sababu katika ibara ya 50(4) inaiamuru mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za msingi iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Yetu inakataza mateso lakini haisemi maneno yaliyozaliwa na mateso yaende wapi. Hilo limeachiwa Sheria ya Ushahidi, ambayo inadai kwamba maelezo ya kukiri yawe ya hiari na kwamba mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uwe wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lakini papo hapo ina kifungu kinachoruhusu ungamo lipokelewe hata kama kulikuwa na ahadi au vitisho, ilimradi mahakama ione kwamba havikuwa vya aina ya kumfanya mtu akiri uongo. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara najiuliza kitisho ambacho hakiwezi kumfanya mtu aseme uongo kinafananaje.

Watanzania wengi waliielewa "kesi ndogo" kwa mara ya kwanza mwaka 2021, katika kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na wenzake watatu. Watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani walikuwa wakifuatilia kwenye simu, ndani ya daladala, mabishano juu ya maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmojawapo: kwamba yalichukuliwa nje ya zile saa nne, kwamba yalitolewa baada ya mateso. Siku moja, kwenye gari la kutoka Mbagala, nilimsikia kondakta akimweleza abiria tofauti ya kuitwa shahidi na kupokelewa kwa kielelezo, na hakukosea. Pingamizi lilitupwa, maelezo yakapokelewa, kesi ikaendelea. Machi 4, 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri hilo, na washtakiwa wote wanne wakatoka.

Kabla ya hapo, Juni 2021, ilifutwa kwa namna hiyohiyo kesi ya masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, waliokamatwa na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Takriban miaka saba ya kupanda na kushuka kwenye karandinga, kwa kosa lisilo na dhamana, na mwisho wake hakuna jaji aliyeandika kama walitenda au hawakutenda.

Wapo waliofurahi, na mimi siwalaumu. Mtu akirudi kwa watoto wake ni furaha. Ila kama msomaji wa hukumu nilijikuta na njaa. Baada ya kesi ya Ghailani tunajua kilichotokea kwa maneno ya gereza la siri: yaliwekwa kando, na sababu zake zinaweza kusomwa. Baada ya shauri la Khalfan tunajua Afrika Kusini ilikosea wapi na nani alisema hivyo. Katika kesi zetu hizi mbili maswali makubwa kuliko yote hayakujibiwa na hukumu ya mwisho. Je, ushahidi ungesimama? Je, ule uamuzi mdogo juu ya saa nne na mateso ungepona mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani? Anayependa serikali anaamini kwamba kulikuwa na ushahidi na huruma ikatumika, anayeichukia anaamini kwamba hapakuwa na kitu tangu mwanzo, na hakuna karatasi ya kumwonyesha yeyote kati yao.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia mjomba, amezeeka, macho yamepungua nguvu. Aliniuliza kama bado tunahesabu dakika. Nikamwambia tunahesabu. Nikamsimulia habari ya Mtanzania aliyesafiri hadi New York kutoa ushahidi, na mlango wa chumba cha mahakama ukafungwa mbele yake kwa sababu ya jambo lililofanyika miaka sita nyuma, katika nchi ambayo haikutajwa, na watu ambao majina yao hayakutajwa. Alinyamaza kitambo, akiwa amekishika kikombe bila kunywa.

"Kwa hiyo yule aliyemtesa," aliniuliza, "yeye aliitwa mahakamani?"

Nikamwambia hapana, hakuitwa.